Togwa ya Mwezi wa Rozari

Mama Faustina aliuona ule ulezi kabla hata hajaamkiwa. Ulikuwa umetandazwa juani kwenye ungo nyuma ya jiko, umeshaota vijimizizi vyeupe vilivyojikunja, na mke wa mwanawe Didas, Tumpe, alikuwa amechuchumaa kando akiuchambua kwa vidole huku akifukuza kuku kwa kisigino.

"Hicho ni kimea," alisema mama Faustina.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimesema hicho ni kimea."

"Ndiyo, mama. Cha togwa."

"Togwa ya nani?"

"Ya Rozari. Wiki hii Mama Maria anafika upande wetu. Watu wakishasali watakunywa."

Mama Faustina alicheka, ila kicheko chenyewe kilitokea puani tu, mdomo haukushiriki. "Watakunywa," alisema. "Haya. Watakunywa."

Kwenye vilima vile vya nyuma ya Tosamaganga, mwenye kukaribisha kinywaji ndiye anayeonja kwanza. Anasimama mbele ya wageni, anachota, anakunywa funda la kuonekana, anajifuta, halafu kikombe kile kile kinakwenda kwa mkubwa wa waliokaa, na kutoka hapo kinazunguka. Pombe iwe, ulanzi uwe, togwa iwe. Kinywaji kisichoonjwa hakinywi mtu hata awe ametoka kulima na koo limekauka. Hilo kila mtoto wa pale analijua kabla hajajua kufunga vifungo. Na togwa iliyoonjwa na Tumpe, hapo ndipo palipokuwa na maneno.

Kwa sababu Tumpe alikuwa na kikombe chake. Kikombe cha plastiki, chekundu, kilichoning'inia peke yake kwenye msumari ukutani nje ya jiko. Mama Faustina ndiye aliyeupiga ule msumari kwa jiwe, siku Tumpe aliporudi kutoka hospitali na mfuko wa kwanza wa vidonge. Chini yake palikuwa na sahani ya bati na kijiko, navyo vya kwake. Vilioshwa mwisho, kwa maji yake, na maji yale yakamwagwa mbali, kule kwenye migomba. Miezi sita ya dawa za kifua kikuu ilikuwa imekwisha. Nesi wa kliniki alikuwa amemshika Tumpe mkono, akamwambia makohozi ni safi, nenda kalee mtoto. Kikombe kilibaki kwenye msumari.

"Mama," Tumpe alisema, akasimama na kujikung'uta kanga. "Nimemaliza dawa. Ulikuwepo wewe mwenyewe nesi aliposema."

"Nesi si wa hapa. Nesi akishasema anakwenda zake kwao."

"Namtaka Goodness arudi kulala kwangu."

Mama Faustina aligeuza macho. Ng'ambo ya uwanja, mbele ya nyumba yake, mtoto alikuwa ameketi kizingitini anavisha gunzi la hindi kitambaa. Alikuwa na miaka mitatu. Alipoona watu wazima wawili wanamtazama kwa pamoja, akaweka kiganja mdomoni, kama alivyofundishwa kufanya kila mama yake anapokaribia. Alifanya hivyo bila huzuni yoyote, kama mtoto anavyopungia gari.

"Sikiliza, mama Goodness," mama Faustina alisema. "Mimi si mchawi na sikumzaa huyu mtoto. Siku watu watakapokunywa mkononi mwako, siku hiyo hiyo nitakuletea mwenyewe, na kigodoro chake kichwani. Lakini wakikataa watu wazima wenye akili zao, mimi ni nani nimpeleke mtoto mdogo?"

"Umesema, mama."

"Nimesema."

"Basi nitasaga leo," Tumpe alisema, akachuchumaa tena kwenye ungo wake.

*

Mwezi wa Oktoba jumuiya inasali Rozari kila jioni, nyumba kwa nyumba. Sanamu ya Bikira Maria, yenye joho la bluu na pua iliyobanduka rangi, inalala kwenye nyumba iliyosaliwa, kesho yake inabebwa kwa nyimbo hadi nyumba inayofuata. Hakuna wa kupanga. Inafuata njia tu, kama njia ilivyozifuata nyumba.

Mwezi wa Mei ilifanyika hivyo hivyo, isipokuwa mara moja. Kutoka kwa mama Liberatus sanamu ilikwenda moja kwa moja kwa Sosthenes, na nyumba ya Didas iko katikati ya hizo mbili. Tumpe alikuwa amelala ndani na blanketi mbili. Alisikia wimbo ukitoka kwa mama Liberatus, ukaja, ukawa mkubwa hata akazijua sauti za watu mmoja mmoja, akajiinua na kujifunga kitambaa vizuri kichwani. Halafu wimbo ukaanza kuwa mdogo.

Sasa jioni hiyo walikuwa tena kwa mama Liberatus. Tumpe aliingia akasema "Tumsifu Yesu Kristo," wakaitikia "Milele, amina," akaketi mkekani pembeni ya mlango. Wanawake wawili waliokuwa karibu walikumbuka ghafla kwamba wanataka kuegemea ukuta wa upande wa pili. Mama Liberatus akanyanyuka kufungua dirisha.

"Joto, jamani," alisema, na nje upepo wa Iringa ulikuwa unapiga mabati.

Tumpe alisali. Zamani alikuwa anaimba Rozari kama anavyopepeta mahindi, mikono inafanya kazi na mawazo yako sokoni. Sasa kila Salamu Maria aliitafuna. Hakuwa na haraka. Aliona raha kwamba pumzi inafika mwisho wa sala bila kukatika.

Waliponyamaza, mzee Bartholomeo, mwenyekiti wa jumuiya, alikohoa kidogo kusafisha koo, na hakuna aliyehama. "Kesho, Mungu akijalia," alisema, "Mama yetu ataelekea kwa ndugu yetu Sosthenes."

"Mwenyekiti, umeruka nyumba," Tumpe alisema.

Watu wakageuka.

"Tumekufikiria wewe, mama Goodness. Mgonjwa hapaswi kusumbuliwa."

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Aa, mwanangu..."

"Leo nimepanda kutoka mtoni na ndoo kichwani, Sosthenes nimempita amekaa kwenye jiwe anapumzika. Muulizeni."

"Usinitaje mimi!" Sosthenes alipaza sauti kutoka kwenye benchi. "Mimi ni goti!"

Watu walicheka, hata wale wa ukuta wa pili, na mama Faustina, aliyekuwa amekaa mbele karibu na sanamu, aliinamisha kichwa kama aliyevuliwa kitambaa hadharani.

"Hatujakataa," mzee Bartholomeo alisema polepole. "Ila unajua, watu wanakuja na wazee, na watoto. Halafu kuna mambo ya ukarimu..."

"Ukarimu upo. Nimesaga kimea. Kutakuwa na togwa."

Kicheko kilichokuwa kimebaki chumbani kiliisha chote. Mtu mmoja akafunga sanduku la mishumaa, akalifungua, akalifunga tena.

"Basi," alisema mzee Bartholomeo. "Basi kesho kwa Didas."

*

Didas alirudi kutoka kujenga na vumbi la saruji kwenye nyusi. Habari zilikuwa zimemfikia barabarani.

"Kwa hiyo umesema mbele ya watu."

"Nimesema. Kaa ule."

Akakaa. Alikuwa mwanamume mpole, wa kuchagua maneno mpaka mazungumzo yanaisha. Alipokuwa anakula, Tumpe alimmiminia maji kwenye kikombe cha udongo cha wageni, akajimiminia mwenyewe kwenye kile chekundu, akaviweka viwili sambamba mbele yake.

"Baba Gudi, hebu chagua."

"Tumpe, usianze."

"Chagua tu. Mimi nataka kuelewa. Kitanda chetu kimoja, blanketi letu moja. Usiku ukinigeukia hukumbuki kifua, wala hujawahi kuniambia, subiri kwanza nikaoshe kwa maji ya peke yake. Kukicha, vikombe viwili. Huu ugonjwa unaogopa jua?"

Didas alicheka bila kupenda, halafu akaona aibu ya kucheka. "Ni mama. Unamjua. Nikimbishia atalia, akilia atamtaja marehemu baba."

"Na akimtaja baba?"

Didas alichukua kikombe cha udongo.

Tumpe hakumkasirikia sana. Alitoka akakaa kwenye tofali nje ya jiko, jua likiwa bado halijazama, akapiga simu mjini. Rukia, mwuza vitenge wa Iringa, alikuwa amelala kitanda jirani na chake kule wodini. Ndiye aliyemfundisha kushukuru. Tumpe alikuwa mwimbaji wa kwaya tangu akiwa msichana kwao Mbeya, lakini Mungu alikuwa kama mkuu wa wilaya, unajua yupo, hujawahi kukaa naye. Rukia alikuwa anameza vidonge vile vikubwa, vinamrudi kooni, anavimeza tena na kusema alhamdulillahi. Siku moja Tumpe akamuuliza kwa hasira, unashukuru nini wewe, umetapika. Rukia akasema: nashukuru kwa sababu nimesikia uchungu wake. Ulimi bado wangu. Wiki ile ile Tumpe, aliyekuwa hasikii ladha ya chochote ila kutu, alipewa uji usio na sukari, na katikati ya kijiko akasikia mahindi. Mahindi matupu, yaliyochomwa na jua. Alilia mpaka nesi akaja mbio. Toka siku hiyo alisema ndaga kwa lugha ya mama yake, kila kukicha, kabla hajafumbua macho. Asante. Hakuomba kitu kingine. Ilimtosha kuwa kuna wa kumwambia.

"Kesho watakuja," alimwambia Rukia kwenye simu. "Wasipokunywa?"

"Shoga, kwani unapika kwa ajili yao?"

"Mtoto wangu yuko ndani ya hiyo togwa."

Kelele za mtaa zilisikika nyuma ya Rukia, mtu anapatana bei ya vitenge. "Mimi hapa dukani nimeweka kiti cha wateja," alisema. "Wanaojua niliugua kifua wananunua wamesimama. Nimewaacha wasimame. Kiti sijakitoa. Ndiyo hivyo. Wewe onja, tena uonje vizuri. Usionje kama mwizi."

*

Uji ulipikwa asubuhi, sufuria kubwa ya kukopa. Tumpe aliusubiri upoe mpaka kidole kinavumilia, akamwaga unga wa kimea, akakoroga, akafunika kwa ungo na kanga safi. Kufikia mchana ulikuwa umeshaachia, mwepesi, wa rangi ya udongo mkavu, na harufu yake tamu yenye uchachu kwa mbali ilitoka jikoni ikavuka uwanja. Goodness aliifuata harufu mpaka katikati, penye jiwe la kunolea visu. Pale ndipo mpaka wake ulipoishia. Akasimama na kiganja mdomoni.

"Mama, unapika nini?" aliuliza kupitia vidole.

"Togwa, mwanangu."

"Ya mimi?"

"Ya wewe."

"Bibi amesema ya kwako ina kifua."

Tumpe aliendelea kukoroga. Aliukoroga muda mrefu uji ambao haukuhitaji tena kukorogwa.

"Gudi! Toka hapo!" sauti ya mama Faustina ikaita.

Jioni walikuja. Tumpe alikuwa amefagia uwanja mpaka unaonyesha mistari, ametandika mikeka, ameweka meza ndogo yenye kitambaa cheupe na maua ya bustanini kwenye chupa ya maji. Sanamu ililetwa na akina mama wanne wakiimba, na safari hii wimbo ulikuja ukawa mkubwa na haukupungua. Uliingia uwanjani kwake, ukasimama mbele yake. Tumpe alipiga magoti kwenye vumbi, akapokea sanamu kwa mikono miwili. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani. Machozi yalimtoka, akayaacha.

Walisali vizuri. Goodness aliketi mapajani mwa bibi yake, nyuma kabisa. Sosthenes alisahau tendo la nne la Rozari, akarukia la tano, mama Liberatus akamvuta shati. Kila kitu kilikuwa kama kilivyo siku zote, mpaka ishara ya msalaba ya mwisho. Hapo watu wakaanza kusimama.

"Kaeni, jamani," Tumpe alisema. "Hamwondoki hivi hivi."

Alitoa sufuria, yeye na Didas wakishika huku na huku. Aliingia tena jikoni. Kila mtu alijua kuna vikombe vya udongo vya wageni juu ya kabati, kwa sababu vilishawahi kuwahudumia. Alitoka na kile chekundu.

"Mama Gudi," Didas alinong'ona.

"Ndicho nilichopewa," Tumpe alisema, hakunong'ona.

Akachota kwa kata, akamimina mpaka pomoni, akasimama wima mbele yao. Akanywa. Hakunywa funda moja la desturi. Alikunywa polepole na kichwa nyuma, koo lote linaonekana, mpaka kikombe kikafika nusu, akajifuta kwa mgongo wa mkono.

"Tamu," alisema.

Akakijaza tena, akapiga goti, akampelekea mzee Bartholomeo kwa mikono miwili.

Mzee alikipokea. Lazima aseme asante, akasema. Akakiinua, na mdomo wake ukagusa ukingo, na macho ya uwanja mzima yakawa kwenye koo lake. Koo halikutembea. Alishusha kikombe, togwa ikiwa pale pale ilipokuwa, akajifuta mdomo mkavu.

"Imekolea," alisema. "Hongera."

Akampa Sosthenes. Sosthenes akasema daktari amemkataza vitu vya kuchacha kwa sababu ya goti. Kikombe kikafika kwa mama Liberatus, ambaye alikuwa amefunga. Alifunga tangu lini hakusema. Mmoja alikuwa amekula sasa hivi. Mwingine alikipitisha tu bila neno, kwa ncha za vidole, kama mtu anayemshikia mwenzake kitu cha moto. Kilizunguka uwanja mzima kimejaa, hakikumwagika hata tone, watu walivyokuwa waangalifu. Wa mwisho alikuwa mama Faustina. Yeye hakukipokea kabisa. Aliangalia chini, akawa anafunga kifungo cha gauni la mtoto ambacho kilikuwa kimefungwa.

Didas alitazama viatu vyake vyenye saruji.

Tumpe alikwenda akakichukua kikombe kwa yule aliyekuwa bado amekishika, akarudi akasimama karibu na sufuria.

"Nataka kusema kitu, halafu mwende salama," alisema. Sauti ilitetemeka mwanzo, akangoja iache. "Mzee Tadeo, baba mkwe wangu, Mungu amlaze pema, alikohoa katika nyumba ile mwaka mzima. Mnakumbuka. Jioni alikaa hapa hapa kwenye benchi na ulanzi wake, akaonja, akawapa. Kikombe chake kilizunguka kwenu wote. Hakuna aliyefunga. Hakuna aliyekuwa na goti. Hakuna aliyempigia msumari, kwa sababu alikuwa mzee, na kumkataa mzee ni aibu. Mimi nilimfulia. Nilimlisha. Nililala chumba kile na madirisha yamezibwa kwa sababu ya baridi, kwa sababu mama alikuwa amechoka na mimi nilikuwa kijana. Sikujutia na sijutii. Na nesi alinieleza: ugonjwa ule unatembea kwa pumzi, ndani ya chumba kilichofungwa. Kikombeni haukai. Kwa hiyo mnachokiogopa hakimo humu, na wala hakimo tena kifuani kwangu."

Mama Faustina alikuwa ameinua uso. Midomo yake ilikuwa wazi.

"Silaumu mtu," Tumpe alisema. "Mungu amenirudishia ulimi. Togwa hii ni shukrani yake, na shukrani haiharibiki kwa sababu watu hawakuwa na kiu. Nitainywa mimi."

Akainywa. Kikombe chote, pale pale wanamtazama, na kwa kweli ilikuwa tamu, uchachu umekaa pembeni mwa ulimi kama mtoto anayejificha nyuma ya mlango, na Tumpe alijikuta anatabasamu katikati ya hasira yake. Akaweka kikombe kando ya sufuria. Halafu akavuka uwanja, akalipita jiwe la kunolea, akasimama mbele ya mama mkwe wake.

"Nisamehe, mama. Ulisema watu wakinywa. Hawakunywa. Lakini mtoto sikumzaa na jumuiya."

Akainama, akamchukua Goodness mapajani mwa bibi yake. Hakuna aliyemzuia. Mtoto, kwa mazoea, alijibandika kiganja mdomoni. Tumpe akakibusu kile kiganja kwa nje, kwa kishindo, mara nyingi, mpaka mtoto akaanza kucheka ndani yake, na kwa kucheka akakiondoa.

*

Watu waliondoka kwa vikundi, wakiongea chini chini. Sanamu ilibaki kwenye meza yake yenye maua, maana ndiyo zamu yake ya kulala.

"Wewe angalau hujasema umefunga," Tumpe aliiambia.

Didas alisikia, akacheka kwa sauti, kicheko ambacho nyumba ile haikuwa imekisikia tangu baridi ya mwaka uliopita. Halafu, bila kuambiwa, alikwenda kwenye sufuria, akachukua kikombe chekundu, akachota, akanywa. Akachota tena.

"Polepole, baba Gudi. Utavimbiwa."

"Nina deni la miezi," alisema na mdomo uliopakaa togwa. Akakwenda ukutani, akaushika ule msumari, akauyumbisha huku na huku mpaka ukatoka na kipande cha udongo. Akautia mfukoni. Fundi hatupi msumari.

Walikaa kwenye mkeka, watatu, mwanga wa jioni ukiwa umebaki mwekundu juu ya mikaratusi. Goodness alikunywa kwa mikono miwili, akapata ndevu za togwa, akataka kila mtu azione. Mgongo wa Tumpe ulikuwa bado na joto la jua la mchana mzima. Hapakuwa na kitu kingine alichohitaji saa ile, na alilijua hilo wakati huo huo likimtokea, bila kusubiri kulikumbuka baadaye. Ndaga, alisema moyoni.

Mlango wa ng'ambo ukafunguka. Mama Faustina alivuka uwanja na kigodoro kidogo kichwani. Alikuja mpaka mkekani, akakitua, akabaki amesimama.

"Analia usiku bila godoro lake," alisema. "Amezoea."

"Asante, mama. Karibu ukae."

Akakaa, kwa shida ya magoti ya kweli. Alivuta uzi wa mkeka.

"Ningeweza kumfulia mwenyewe," alisema mwishowe. "Mzee Tadeo. Kile chumba nilikiogopa. Nikakuacha wewe uingie."

"Najua, mama."

"Ulijua?"

"Nilikuwa namsikia akikuita, na wewe ukijifanya umelala."

Mama Faustina akafuta macho kwa pindo la kanga. Aliangalia sufuria. "Imebaki nyingi."

"Imebaki nyingi."

"Itachacha sana kufikia kesho."

"Itachacha."

Mwanamke mzee akanyoosha mkono.

Tumpe alijaza kile kikombe chekundu. Akaonja kwanza, kama desturi inavyotaka, funda kubwa, akampa kwa mikono miwili. Mama Faustina alikipokea. Alikitazama pale ukingoni palipokuwa na alama mbichi ya mdomo, na taratibu, kama mtu asiyetaka mikono yake imwone, akakizungusha mpaka upande ule ukawa mbali naye. Halafu akanywa.

Tumpe alimngoja mpaka mdomo umejaa.

"Na upande huo pia nilishaunywea, mama," alisema.

Mama Faustina aliganda, mashavu yamevimba, macho yamemtoka juu ya kikombe. Didas aliziba uso. Goodness alimtazama bibi yake, akaangua kicheko. Ilibaki kutema au kumeza, na wote watatu walikuwa wanalitazama koo lake.

Koo likatembea.

"Mnyakyusa mshenzi wewe," alisema mama Faustina, akipumua. Akalamba mdomo wa juu, akafikiri kidogo, akasogeza kikombe mbele. "Ongeza."